Mashine haitembei yenyewe: tunaomba serikali ifungue uchunguzi juu ya PV za uchaguzi wa komine

Bukavu, mwezi wa saba 2024

Wandugu, wadada, wamama na wapapa wa Ibanda, Kadutu na Bagira,
Wakongomani wenzetu wa kila pahali,

Miezi saba imepita tangu tarehe 20/12/2023. Watu wengi wanasema mambo ya uchaguzi yalikwisha, tuendelee na maisha. Sisi vijana tunaandika leo juu ya jambo moja tu. Tunaomba serikali ya Waziri Mkuu Judith Suminwa, yenye ilipata kura ya Bunge mwezi wa sita, ifungue uchunguzi juu ya namna karatasi za uchaguzi wa washauri wa komine zilichungwa: PV za kuhesabu kura, fishi za matokeo, bahasha zenye kufungwa, na daftari za kutoa na kurudisha mashine.

Hatuombi uchaguzi urudiliwe. Hatutafuti kiti cha mtu. Tunaomba karatasi zitafutwe, zihesabiwe, na kama kuna mtu mwenye alizipoteza ao alizibadilisha, aitwe mbele ya sheria. Njo hiyo tu.

Sisi ni nani? Munatujua. Wengi wetu tulimaliza masomo ya chuo kikuu, diplome iko ndani ya valizi, kazi hakuna. Siku ile ya kura, wamoja wetu walikuwa mashahidi wa wagombea, wengine walikuwa waangalizi, wengine walipanga mustari tangu asubuhi, wakapiga kura na kurudi nyumbani. Hatukulipwa na chama kuandika barua hii. Kati yetu kuna wenye walichagua upande wa serikali na wenye walichagua upinzani, na juu ya jambo hili tuko na neno moja.

PV ni nini, na juu ya nini inatuhusu

Tuanze hapa, sababu watu wengi wanasikiaka neno "PV" kwenye redio na hawajaelezwa.

Kwa inchi yetu, mashine ya kura haihesabu kura kwa niaba ya sheria. Unachagua mtu wako kwenye ekrani, mashine inachapisha chaguo lako kwenye karatasi, na weye mwenyewe unaitia ndani ya sanduku. Jioni biro ikifungwa, wafanyakazi wanafungua sanduku na wanahesabu karatasi kwa mkono, mbele ya mashahidi. Matokeo wanayaandika ndani ya PV, na wenye wako pale wanatia sahihi. Fishi ya matokeo inabandikwa mbele ya biro, kila mtu aisome. Mashahidi wana haki ya kupata kopi. Kisha karatasi zote zinatiwa ndani ya bahasha, zinafungwa, na zinapelekwa kwenye kituo cha kukusanya matokeo. Hatujabuni mambo haya. Yanatoka kwenye sheria ya uchaguzi nambari 06/006 ya tarehe 9/3/2006, yenye ilirekebishwa 2011, 2015, 2017 na 2022.

Kwa hiyo, mama mwenye unauzishaka makala kwenye soko ya Kadutu, ujue jambo hili: ile usiku kura yako iliacha kuwa karatasi, ikawa namba ndani ya PV. PV ikipotea njiani, kura yako imepotea hata kama karatasi yako iko bado ndani ya sanduku. Na PV ikibadilishwa, kura yako inamsaidia mtu mwenye hukumchagua. Mtu akitaka kuiba kura leo, hana lazima ya kukuzuia kufika kwenye biro. Anakuacha upange mustari saa sita, upige kura na ufurahi. Yeye anangojea karatasi kwenye barabara.

Uchaguzi wa komine haiko kitu kidogo

Wengine wanatuuliza: juu ya nini munapiga kelele kwa ajili ya washauri wa komine, na siyo kwa rais ao madepite?

Kwa sababu komine njo serikali yenye iko mbele ya mlango wako. Sheria ya tarehe 7/10/2008 juu ya komine na maeneo mengine yenye kujitawala inasema baraza la komine linapitisha bajeti, na linachagua burgumestri. Mfereji wenye unajaa uchafu, pesa zenye mwenye kuuza anatoa kila siku kwenye soko, barabara yenye inakatika kila mvua: hayo ni mambo ya komine. Depite yuko Kinshasa. Burgumestri yuko hapa hapa, unaweza kumuona asubuhi na kumuuliza swali.

Na wazazi wetu waliingoja siku hii. Katiba ya 2006 ilipokuja, tuliahidiwa uchaguzi wa mitaa. 2006 haukufanyika. 2011 haukufanyika. 2015 uliwekwa kwenye kalenda, haukufanyika. 2018 pia hapana. Mpaka 2023, na hata pale ni miji mikubwa ya majimbo tu yenye ilichagua washauri wake. Wenye wanasema komine ni kitu kidogo wakumbuke kwamba Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa inchi hii, alianzia pale: nyuma ya uchaguzi wa 1957 alikuwa burgumestri wa komine ya Dendale, kule Léopoldville.

Kama mara ya kwanza ya kuchagua washauri wetu chini ya Katiba hii inapita na karatasi zake hazionekani, mara ya pili nani ataamka saa kumi ya asubuhi kwenda kupanga mustari?

Mambo yenye CENI yenyewe ilisema

Hatuanzi na uvumi wa WhatsApp. Tunaanza na karatasi ya CENI.

Tarehe 5/1/2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82: wa bunge la taifa, wa majimbo, na wa komine pia. Sababu yenye ilitoa ni udanganyifu, rushwa, kujaza sanduku, kutisha wafanyakazi, kuharibu vifaa, na kushika mashine za kura bila haki. Siku hiyo hiyo ilifuta uchaguzi wa madepite kule Masimanimba, jimbo la Kwilu, na Yakoma, jimbo la Nord-Ubangi. Mpaka mwezi wa saba 2024, watu wa Masimanimba na Yakoma walikuwa bado hawajarudilia kura yao.

Tulipongeza. Ilikuwa mara ya kwanza kuona wakubwa wanaguswa, hata wenye walikuwa serikalini. Lakini nyuma ya kupongeza, swali linabaki, na hatujasikia jibu lake.

Mashine ya kura haiuzwi kwenye soko. Haiko sukari, haiko simu ya chini ya meza. Ilitoka ndani ya depo, na pale kwenye depo kuna daftari. Mtu mmoja aliandika namba ya mashine. Mtu mwengine alitia sahihi kwamba ameipokea. Gari iliibeba, na gari ilikuwa na shofere. Sasa, kama mashine ilionekana kwa mgombea, haikutembea yenyewe. Kuna mtu mwenye aliitoa, kuna mtu mwenye aliona na akanyamaza, na pengine kuna mtu mwenye alikataa na akatishwa. Mgombea alipoteza kura zake. Mwenye alimpa mashine, je? Yuko wapi? Bado anachunga depo? Njo yeye atachunga mashine za uchaguzi wenye unakuja?

Wazee walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Kufuta wagombea 82 ni kukata majani. Mzizi uko kwenye daftari.

Na kuna jambo la pili. Mashine yenye iko inje inaweza kuchapisha karatasi. Karatasi hizo ziliingia kwenye sanduku gani? Ziliandikwa kwenye PV gani? CENI ilipofuta kura za mgombea mmoja, ilitazama PV za biro zote zenye mashine ile ingeweza kugusa, ao ilitoa tu jina la mgombea kwenye orodha na kuendelea na hesabu? Mtu anaweza kujibu swali hili kwa kufungua bahasha na kulinganisha. Ni kazi ya mikono na macho. Haiko siasa.

Mambo yenye tuliona sisi wenyewe

Hapa Bukavu, wamoja wetu walikuwa mashahidi. Walibaki mpaka usiku, hesabu ikafanyika kwa mwanga wa tochi ya simu. Kuna biro fulani kazi ilifanyika muzuri, na tunashukuru wafanyakazi wale, wengi wao vijana kama sisi, wenye walifanya kazi siku mbili bila kulala. Lakini kuna pahali pengine walipoomba kopi ya PV, waliambiwa fomu zimeisha. Kuna pahali walipoambiwa "mutarudi kesho", na kesho biro ilikuwa darasa tupu. Kuna pahali fishi haikubandikwa ukutani, ao ilibandikwa na asubuhi haikuwa pale.

Hatutaji hapa kituo wala jina la mtu. Sababu tunajua kazi ya mtandao: leo unaandika jina, kesho watu wanachoma nyumba ya mtu mwenye pengine hana kosa. Majina, namba za biro na picha tunazo, na tutazitia mikononi mwa muchunguzi. Hatusemi fulani aliiba. Kusema hivyo ni kazi ya jaji nyuma ya uchunguzi, na njo maana tunaomba uchunguzi.

Tunajua njia hii inaishia wapi

Inchi yetu iliisha kupita hapa.

2011, waangalizi wa Carter Center walisema matokeo ya karibu biro 2 000 za Kinshasa yalipotea. Biro elfu mbili! Kila biro ni watu mia kadhaa wenye walisimama kwenye jua. Nani aliulizwa? Nani alifungwa? Maisha yaliendelea.

2018, CENCO ilikuwa na waangalizi karibu 40 000. CENI ilipotangaza matokeo ya rais tarehe 10/1/2019, maaskofu walisema hayalingani na yale waangalizi wao waliokota. Jibu lingekuwa rahisi: toa matokeo ya biro moja moja, kila mtu alinganishe na fishi yenye aliona ukutani. Hayakutolewa. Mpaka leo Wakongomani wanabishana ndani ya basi juu ya nani alishinda ule mwaka, na hakuna mtu mwenye anaweza kumaliza ubishi, sababu karatasi hazionekani. Hata mwenye alishinda kweli anapoteza pale: hawezi kuonyesha ushindi wake.

Wandugu wa Beni na Butembo wao waliambiwa wangojee mpaka tarehe 31/3/2019, na rais alikuwa ameisha kula kiapo tarehe 24/1/2019. Vijana wa Beni walipanga kura yao wenyewe tarehe 30/12/2018, na masanduku yao, kuonyesha dunia kwamba wako tayari. Hatujasahau. Mtu mwenye anaweza kufanya hivyo haiko mtu wa kuambiwa "hayo ni makosa madogo ya kazi".

Majibu yenye tunajua tutapewa

Watatuambia: CENI inajitegemea, kifungu cha 211 cha Katiba, serikali haina haki ya kuingia. Kweli. Hatuombi waziri ahesabu kura, na siku waziri ataanza kuhesabu kura sisi tutakuwa wa kwanza kumpinga. Lakini kujitegemea haiko kuwa juu ya sheria. Kuiba mashine ni kosa. Kubadilisha PV ni kosa, na sheria ya uchaguzi yenyewe inaweka adhabu. Kosa linachunguzwa na parke, na Waziri wa Sheria anaweza kuagiza parke ifungue dosie. Bunge nalo, kifungu cha 138 kinalipa haki ya kuunda tume ya uchunguzi. Milango iko. Tunaomba tu ifunguliwe.

Watatuambia: wagombea walikuwa na siku zao za kwenda mbele ya tribunali, zilipita. Kweli pia. Lakini siku zile ni chache, na tribunali inaomba ushuhuda, na ushuhuda ni PV. Ukimnyima mtu PV kisha unamwambia "leta PV ao toka", umemfunga mikono na unamuuliza juu ya nini hapigi makofi. Zaidi ya ile, siku za mgombea zilikwisha, lakini haki ya mwenye kupiga kura ya kujua kura yake ilienda wapi haikwishi kwa siku nane.

Watatuambia: inchi iko kwenye vita. Kanyabayonga imeanguka juzi juzi, watu wanakimbia, na ninyi munaongea karatasi? Tunajua vita kuliko wenye watatuambia hivyo. Wakimbizi wako ndani ya nyumba zetu. Na njo kwa sababu ya vita watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa, pamoja na wa Kwamouth kule Mai-Ndombe. Wao hawakupata hata kura ya kupoteza. Sisi tulipata. Kuachilia kura yetu ipotee ndani ya depo ni kuwatukana wao. Na inchi yenye viongozi wa kweli inapigana muzuri kuliko inchi yenye kila mtu anamuuliza kiongozi: nani alikuchagua?

Tunaomba mambo sita

1. Waziri wa Sheria aagize parke ifungue uchunguzi juu ya kila mashine yenye ilionekana mikononi mwa mtu bila haki: namba yake, depo yenye ilitoka, siku yenye ilitoka, na mtu mwenye alitia sahihi.

2. CENI itangaze, kwa kila komine na kila biro, PV zenye zilifika, zenye hazikufika, na zenye zilirekebishwa kwenye kituo cha kukusanya matokeo, na nani alizirekebisha. Na picha ya kila PV iwekwe pahali kila mtu anaweza kuiona.

3. Tangu leo, kusichomwe, kusihamishwe, kusiharibiwe karatasi yoyote ya uchaguzi wa komine mpaka uchunguzi uishe. Depo zifungwe na mihuri, na waangalizi wa CENCO na ECC wawe pale.

4. Bunge la taifa liunde tume ya uchunguzi, na isibaki Kinshasa tu. Ifike Bukavu, ifike Kisangani, ifike kila mji wenye ulichagua washauri.

5. Wafanyakazi wa biro na mashahidi wenye watasema kweli walindwe. Wengi wao ni walimu na vijana bila kazi. Kama mtu mdogo anafungwa kwa sababu amesema, na mkubwa analala nyumbani, huo hautakuwa uchunguzi.

6. Ripoti isomwe mbele ya watu, kwa Kifaransa na kwa luga zetu ine za taifa: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Muliomba kura yetu kwa Kiswahili, mutuambie matokeo ya uchunguzi kwa Kiswahili.

Na sisi raia, tufanye nini?

Kama uko na picha ya fishi ya matokeo ndani ya simu yako, usiifute. Itume kwa imeli yako mwenyewe ao uitie kwenye simu ya pili. Andika nambari ya biro, jina la kituo na saa yenye ulipiga picha. Picha bila nambari ya biro haisaidii mtu.

Kama ulikuwa shahidi, andika leo kwenye karatasi mambo yenye uliona, na tarehe, mbele ya kusahau. Andika yale macho yako yaliona, siyo yale jirani alikuambia.

Usitukane wafanyakazi wa CENI wa mtaa wako. Wengine kati yao njo watakuwa mashahidi wetu wa kwanza.

Usikubali pesa ya mgombea mwenye anataka kutumia barua hii kwa kesi yake. Akikuja, mwambie aweke jina lake na sahihi yake kama raia wengine.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani anaweza kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wenzake, na mamlaka inapashwa kujibu ndani ya miezi tatu. Barua hii ni ombi la namna ile. Tunaipeleka kwa mkono na tutaomba karatasi ya kuonyesha imepokelewa, na tangu tarehe ya karatasi ile tutahesabu miezi tatu, siku kwa siku, na kila mwezi tutawaambia hapa tumefika wapi.

Kama jibu halitakuja, tutaandikia mamlaka ya mji kama kifungu cha 26 kinavyoomba, na tutakaa mbele ya ofisi, mikono mitupu, bila jiwe, bila matusi, kila mmoja na kopi ya fishi yenye alipiga picha ile usiku. Wenye wanataka kuja waanze kutafuta yao leo.

Kifungu cha 5 kinasema mamlaka ni ya watu. Watu waliandika mamlaka yao ndani ya PV. Tunaomba PV.

Vijana wa harakati ya raia, Bukavu